Kimyani

Kaya ya kwanza, saa mbili na robo asubuhi.
Kishikwambi kinanionyesha nukta ya buluu
katikati ya weupe mtupu, hapana njia, hapana jina.
Kijana wa bodaboda kanishusha pale lami ilipochoka,
kanyoosha kidole: "Fuata mawe.
Masikio yakianza kukuwasha kwa utulivu, umefika."

Uwanda huu jiwe limeumeza udongo.
Nyasi zinachomoza nyufani
kama nywele masikioni mwa babu.
Mkarafuu haukubali hapa,
na ndiyo maana Bwana Eliasi akapanunua,
asema Bi Sikudhani.
"Pasipo karafuu, nani angekuja kutudai?"

Kakaa kwenye benchi la mvule lisilo na mgongo,
anachambua kunde.
Mkuu wa kaya? "Andika mie."
Umri? "Andika huo unaouona."
Sababu ya kuhamia hapa, chagua moja:
kazi, ndoa, masomo, maafa, nyingineyo.
Akacheka hata kunde zikamwagika.

Nyingineyo, basi.
Walikuja watu arubaini na mmoja,
kila mtu na karatasi yake yenye muhuri
isemayo kwamba huyu si wa mtu.
Babu yake, Mabruki, aliishona yake ndani ya kofia.
Mvua ya kwanza ikaifanya uji.
Akenda mbio kwa Bwana Eliasi, kofia mkononi, analia.
Yule mzungu, na suti yake nyeusi ya kujitesa,
hakumwandikia nyingine. Alimpa jembe.
"Lima. Atakayekuja kukuuliza, nitamwambia hapana."
"Na akija na bunduki?"
"Nitamwambia hapana mara ya pili."

Yeye bunduki hakuwa nayo.
Wala kengele, wala msalaba, wala mahubiri.
Jumapili walikaa kwenye mabenchi haya
wakanyamaza saa nzima,
mpaka mmoja wao apate neno,
au asipate, wakainuka wakenda kupalilia.
Watoto wa Konde wakija kuchungulia, wakiwazomea:

    Kimyani kwa wanyamavu,
    hawaapi, hawagombi,
    hata uwatie kovu
    neno moja hawaombi.

Wazungu wakaisha, huyu kwa homa, huyu kwa meli.
Wajukuu wakasilimu,
mmoja kwa ndoa, mmoja kwa ujirani,
mmoja kwa kuisikia tu adhana
ikiuvuka uwanda alfajiri, bila haraka.
Benchi moja sasa liko mlangoni mwa msikiti,
watu hulikalia wakitawadha.
Ila kiapo hakijaingia hadi leo.
Mwenye duka kule Konde kaniambia:
"Mtu wa Kimyani hakwambii wallahi.
Akisema kesho, daftari silifungui."

Nikaomba kuona makaburi. Hayamo kwenye fomu.
Mawe yote kimo kimoja, goti la mtoto,
hapana jina hata moja.
"Lipi la Bwana Eliasi?"
"Mojawapo."

Kaya nne. Zilikuwa thelathini.
Wengine wako Darajani wanauza makava ya simu,
wengine Maskati, mmoja hajulikani.
Nami niliapa, ukumbini Wete, mkono juu,
kutunza siri za kila kaya;
tukapewa fulana na soda.

Nabonyeza TUMA. Kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Mtandao haujawahi kufika huku.
Basi nikakaa, mwisho wa benchi,
naye hakunisemesha, nami sikuwa na swali lililobaki.
Kunde zikidondoka siniani, moja,
kisha mbili,
kisha upepo kwenye nyasi, kisha hata upepo hapana.
Sijui tulikaa muda gani. Saa niliisahau kuitazama.

"Utarudi lini kuimalizia hiyo kazi yako?"
"Walla..."
likanikwama kooni kama mwiba wa changu.
Akaningoja. Ana muda huyu bibi.
"Jumanne," nikasema.
"Jumanne," akasema,
akachota kunde kikombe kimoja, akazitenga.